Jenereta Linalokufa kwa Kukosa Kazi

Jenereta lilipokohoa mara ya tatu, Doña Ercilia aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya trei ya mayai, kosa ambalo yeye mwenyewe angemfokea mtu kwa ajili yake, akatoka mbio kwenda uani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Upepo ulikuwa umelaza nguzo mbili kwenye barabara ya Moca, na watu wa umeme walipopigiwa simu walijibu kwa ile sauti yao ya siku zote kwamba wanalishughulikia. Mtaa wetu mzima wa Palmarito unajua maana ya kulishughulikia. Maana yake ni kesho, au keshokutwa, au Mungu akijalia.

Moshi uliotoka kwenye bomba haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa mzito, unatoka kwa mafungu, na chini ya maungio ya bomba kulikuwa na kitu cheusi kinachochuruzika kama asali ya miwa iliyoungua. Injini ilishuka sauti, ikapanda, ikashuka tena. Feni za ndani nazo zikashuka na kupanda pamoja nayo.

Kwenye mashine za kituo chake cha kutotolea vifaranga kulikuwa na mayai elfu kumi na mbili. Hayakuwa yake. Yalikuwa ya wafugaji wa vilima vya Espaillat, watu wenye kuku mia mbili mia tatu, waliomletea ili awarudishie vifaranga. Yalikuwa yamefika siku ya kumi na tisa, zimebaki mbili. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani hatari ni baridi. La hasha. Siku za mwisho kifaranga ana joto lake mwenyewe, tena jingi, na feni zikisimama hewa humwishia naye hupikwa mzima ndani ya ganda lake.

Hilo Doña Ercilia hakulisoma popote, alilinusa. Miaka mitatu nyuma, mumewe Persio akiwa amelazwa kwa moyo uliokuja kumuua, jenereta lao dogo liliungua na feni zikasimama. Marehemu alikuwa ameongeza mashine ya tatu bila kuongeza jenereta, akisema litajikaza. Lilijikaza, likafa. Mayai yalitolewa kwa toroli. Wafugaji walimpa pole ya msiba, wakapeleka mayai yao kwingine, na ilimchukua muda mrefu na maneno mengi kuwarudisha mmoja mmoja. Vifaranga hawa wakifa leo, hakuna atakayemletea hata yai la bata. Kituo kitafungwa, na kituo ndicho kitu pekee alichoachiwa na Persio chenye uhai ndani yake.

Alimwambia Mireya, msaidizi wake, asiondoe macho kwenye kipimajoto. Kisha akampigia simu kompadre Radhamés.

Radhamés alikuwa fundi na muuzaji wa majenereta mjini Moca, na ndiye aliyemshika Marleny, binti wa Ercilia, alipobatizwa. Kwa hiyo yeye na Ercilia walikuwa kompadre na komadre, na kwetu hilo si jina la kuitana tu. Kompadre hagombani na komadre. Hambishii mbele za watu. Na akiombwa jambo mara tatu, hata kama ni la kijinga, anatoa. Hapo ndipo ugonjwa wa jenereta hili ulipoanzia.

Baada ya msiba Radhamés alikuja na kipimo chake cha umeme, kile cha kubana kwenye waya, akapima kituo kizima kwa siku mbili. Akasema kwamba mashine zikitulia zinakula kilowati kumi na mbili, na mota zote zikiamka kwa pamoja zinafika ishirini na kitu. Jenereta la thelathini lingemtosha, tena lingefanya kazi vizuri kwa sababu injini ya dizeli inapenda kufanyishwa kazi. Ercilia hakusikia chochote baada ya neno thelathini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na masikioni mwake bado mlikuwa na kimya cha feni za Persio. Aliliona pale pembeni mwa duka la Radhamés jenereta jekundu la kilowati mia moja, kubwa kama ng'ombe wa maonyesho, akasema anataka lile.

Radhamés alimwambia ni kubwa mno. Akaomba tena. Radhamés akamwambia litakula mafuta bure. Mara ya tatu Ercilia hakuomba, aliuliza kama angethubutu kumwambia Persio maneno hayo, au ni kwa sababu anaongea na mjane. Kompadre akainama, akaenda kumwita mwenye lori la winchi.

Siku lilipofika mtaa mzima ulitoka kutazama. Don Plinio mwenye duka alivua kofia. Na tuseme ukweli, mama wa watu alilala usingizi mtamu mwezi mzima.

Ila ng'ombe mkubwa anakula. Hata likibeba mzigo mdogo, dude lile lilikunywa dizeli kana kwamba linaendesha mji, na Ercilia akaanza ubahili. Umeme ukikatika alizima taa za ofisi, alizima friji, alizima hata feni ya Mireya, mradi mafuta yasipotee. Kila Jumatatu aliliwasha kidogo bila mzigo wowote, eti kulipasha moto, kisha akalizima na kulipangusa vumbi. Na Yudelka, mwenye saluni ng'ambo ya uzio, alipokuja kwa adabu kuomba waya mmoja tu wakati umeme ukikatika, alijibiwa jibu lililozunguka Palmarito kabla ya jua kuzama: "Dizeli yangu haikaushi nywele za watu." Tangu siku hiyo salamu yao ilikuwa ya kuinua kidevu, na siku nyingine hata kidevu kilikuwa kizito.

Radhamés alifika kwa pikipiki, kwa kuwa gari lisingepita kwenye zile nguzo. Hakusalimia. Alisimama mbele ya injini kichwa kimeinama upande, akaenda kwenye bomba, akachovya kidole kwenye ule weusi, akakisugua na kidole gumba. Alichukua muda mrefu kujifuta mikono.

"Komadre, naomba ruhusa nikuambie jambo baya," alisema.

"Sema."

"Hili jenereta linakufa kwa kukosa kazi."

Akamweleza, na Ercilia akasikiliza huku sikio moja likiwa kwenye feni. Injini ya ukubwa ule ikibeba mzigo mdogo haipati moto wa kutosha tumboni. Mafuta yanaingia lakini hayaungui yote, na yale yasiyoungua yanageuka masizi na ute, yanaganda kwenye vali, yanaziba bomba, mpaka injini inakabwa koo na uchafu wake yenyewe. Kule kuliwasha tupu kila Jumatatu ndiko kulikolimaliza. Mafuta aliyodhani anayaokoa kwa kuzima taa yalikuwa humo humo, yamegeuka lami.

"Na wewe ndiye uliyeniuzia," Ercilia alisema.

Radhamés alikuwa mtu mnene, mpole, wa kuchekacheka, na siku ile uso wake ulikuwa mwekundu. "Nilikuuzia kwa sababu ulinitajia marehemu. Nilijua ni kosa nikalibeba hivyo hivyo. Sasa utanisikiliza, au nirudi Moca?"

Hakuwahi kusema naye hivyo hata mara moja. Injini ikakohoa, ndani Mireya akapiga kelele kwamba feni zimezubaa, na Ercilia akaona hasira yake haina mahali pa kukaa. Aliuliza wafanye nini.

Kulifungua na kulisafisha kungetaka siku mbili. La kukodi halikuwepo, kwa kuwa kila kilichoweza kunguruma kilikuwa kimeshachukuliwa tangu asubuhi, na hata lingekuwepo lisingevuka barabara ile. Likiachwa lilivyo litazimika kabla ya adhuhuri na halitawaka tena. Dawa iliyobaki ni moja: kulibebesha mzigo mzito, pole pole, mpaka lipate joto la kuunguza uchafu wake lenyewe. Linaweza kupona. Bomba linaweza pia kushika moto. Na linaweza kufa pale pale.

"Mzigo gani mzito, kompadre? Mimi nina hizi mashine tu."

Radhamés alitazama uzio, na Ercilia akajikuta ametazama huko huko. Juu ya uzio lilionekana bango la saluni ya Yudelka, lenye picha ya mwanamke mwenye nywele zilizonyooka mpaka kiunoni.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Siku ya Akina Mama. Kwetu mwanamke anaweza kukosa zawadi siku hiyo, anaweza kukosa hata mume, lakini hakosi nywele. Tangu kabla ya alfajiri wateja wa Yudelka walikuwa wameoshwa na kufungwa rola, na umeme ukawaacha hapo hapo na vichwa vibichi. Wengine walikuwa wamekwenda zao na taulo begani, wakilaani. Walibaki wanane, wamekaa chini ya draya zilizozimika wakijipepea na magazeti.

Mficha uchi hazai. Ercilia alijiambia hivyo akizunguka uzio, na miguu ilikuwa mizito kana kwamba inavuka mto. Alijifunga upya kichwani kitambaa chake cheusi cha ujane. Alipoingia, mazungumzo yalikatika, na Yudelka, mwanamke mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi, aliendelea kukunja taulo bila kugeuka.

"Mayai yangu yanakaribia kufa," Ercilia alisema. "Jenereta langu linataka mzigo. Nimekuja kuomba draya zako."

"Zote?"

"Zote. Na kiyoyozi. Na kila ulichonacho chenye waya."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Yudelka alimaliza kukunja taulo, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha.

"Mimi nilisikia dizeli yako haikaushi nywele za watu, Doña Ercilia."

"Nilisema hivyo."

"Mbele ya duka la Don Plinio."

"Mbele ya duka la Don Plinio. Nilikuwa na roho mbaya na nilikuwa naogopa, na bado naogopa. Leo nywele za watu zisipokauka kwa dizeli yangu, sina kituo."

Hapo Yudelka aligeuka. Alikuwa ameandaa maneno miaka miwili, yalionekana kabisa yamejipanga mdomoni, na sasa hakujua ayaanzie wapi. Bibi mmoja aliyekuwa chini ya draya ya kwanza, rola zimemjaa kichwa kama mahindi ya kuchoma, alisema, "Yudelka, mwanangu, mtukane kesho. Mimi shingo inaniuma." Saluni ikacheka, na Yudelka naye, ingawa hakutaka.

Akauliza mafuta yaliyomo tangini. Ercilia akasema ukweli, kwamba ilikuwa robo, na kwa mzigo ule yasingefika jioni. "Haya, mmesikia," Yudelka aliwaambia wateja wake. "Mkono mtupu haulambwi. Anayetaka kukauka ampigie mume wake, mwanawe, kimada wake, sijali, alete galoni ya dizeli. Hata kama ni ya kuvuta kwenye lori."

Radhamés alipitisha waya mnene juu ya uzio, akaitenga saluni na nyaya za barabarani, akaufunga ule waya kwenye swichi kuu. Waya wa pili ukaenda kwa Don Plinio, penye majokofu matatu ya bia na barafu. Alimwonya kila mtu kwamba hakuna kuwasha chochote mpaka aseme. Wakilibebesha lote kwa mpigo litazimika.

Akaita draya ya kwanza. Injini ikaguna. Ya pili. Ya tatu. Moshi ukazidi weusi, ukashuka mtaani, mwenye nguo za kuanika akakimbia kuzianua. Ya nne. Injini ilianza kutetemeka mpaka kokoto zilizokuwa juu ya sakafu ya saruji zikacheza. Ercilia alisimama mlangoni mwa nyumba ya mashine, mguu mmoja ndani mmoja nje, akisikiliza feni.

"Ya tano," Radhamés aliita, na kabla hajafunga mdomo Don Plinio, mtu wa haraka, naye akawasha majokofu yake yote.

Injini ikashuka sauti, ikashuka, ikanyamaza.

Kimya hicho Ercilia alikijua. Kilikuwa kile kile. Alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bomba, akasikia mbwa wa mbali, na ndani akasikia feni ya mwisho ikizunguka kwa uvivu mpaka ikasimama. Akashika fremu ya mlango. Kisha akaingia, akafungua milango ya mashine zote wazi, akachukua kifuniko cha boksi na kuanza kupepea. Mireya akachukua kingine. Hewa ya mle ndani ilikuwa imeanza kuwa nzito, yenye harufu ya manyoya mabichi, na kutoka kwenye trei zilisikika sauti ndogondogo, tik, tik, za vifaranga wanaojigeuza ndani ya maganda. Walikuwa wameanza kabla ya siku yao. Alipepea huku akiwasemesha, hakumbuki alisema nini.

Nje Radhamés alijaribu kuliwasha. Lilizunguka, likakataa. Alimtukana Don Plinio tusi la mama, yeye ambaye hakuwahi kutukana, akakata mizigo yote, akajaribu tena. Likakataa. Mireya akasoma kipimajoto kwa sauti, kinapanda. Mara ya tatu lilizunguka muda mrefu, betri ikilia, likatema donge la moshi, likashika. Feni zikaamka moja baada ya nyingine.

Walianza upya, na safari hii hakuna aliyethubutu kugusa swichi bila kuitwa. Draya moja, wakasubiri. Ya pili, wakasubiri. Kwenye ya sita cheche zilianza kuruka kutoka kwenye bomba, kisha ulimi wa moto wa urefu wa mkono, na watu wakarudi nyuma. Don Plinio, akitaka kufuta dhambi yake, alikuja na ndoo ya maji, na Radhamés akamzuia kwa kifua. Moto uliachwa uwake. Ulikuwa ule uchafu wa miaka miwili, kila Jumatatu moja baada ya nyingine. Wanaume walianza kufika na galoni, na pasi zikaletwa, na pampu za visima zikachomekwa, na kipimo cha Radhamés kikawa kinapanda. Thelathini. Thelathini na tano. Moto ulijifia wenyewe kwenye bomba, lakini moshi ulikuwa bado mweusi. Akapaza sauti kwamba bado kidogo, awashiwe chochote kilichobaki.

Ilikuwa imebaki draya ya tisa, isiyo na mteja. Ercilia alikimbia mwenyewe kwenda kuiwasha, na Yudelka akamshika mkono.

"Draya haiwaki bila kichwa humu ndani. Ni mkosi. Kaa."

"Yudelka, sina muda wa..."

"Kaa, mama."

Hakuwa ameingia saluni yoyote tangu mazishi. Mjane wa kwetu hukaa na msiba kichwani mpaka mtu amtoe, na hakuna aliyejitokeza kumtoa. Yudelka alikifungua kitambaa cheusi bila kuomba ruhusa, akakikunja kama alivyokunja taulo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe kuliko Ercilia alivyojua. Alioshwa kwa maji ya ndoo, harakaharaka, akafungwa rola chache, na vidole vile vilivyomchukia miaka miwili vilikuwa vyepesi juu ya ngozi ya kichwa chake. Yudelka akauliza nje kwa kelele, Radhamés akajibu haya, na draya ya tisa ikashushwa na kuwashwa.

Hapo Ercilia akawa kiziwi. Miaka miwili alikuwa akilisikiliza jenereta, akilisikiliza hata likiwa limezimwa, na sasa masikioni mwake mlikuwa na ngurumo ya hewa ya moto tu. Injini ingeweza kuzimika na asijue mpaka draya inyamaze. Alishika mikono ya kiti. Kupitia mlango aliona ncha ya bomba juu ya uzio, akaikodolea macho. Moshi mweusi. Moshi mweusi. Moshi wa kahawia. Akapanguswa jasho na mtu, hakuona nani. Moshi wa kijivu, mwembamba, unapeperuka upande. Kisha akadhani macho yamemdanganya, kwa kuwa juu ya bomba hapakuwa na kitu ila hewa inayochezacheza kwa joto, na nyuma yake mlima ukionekana wazi kabisa.

Radhamés alitokea mlangoni, uso mweusi kwa masizi, akainua dole gumba. Doña Ercilia alilia chini ya draya mbele ya wanawake wanane, na bibi wa shingo akamwambia angalau amwage machozi nje ya rola.

Jenereta lilivuta usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, mtaa mzima ukipokezana kulibebesha. Asubuhi ya Siku ya Akina Mama hakuna parokia ya wilaya ile iliyokuwa na vichwa vilivyonyooka kama vya Palmarito. Umeme ulirudi mchana wa Jumapili, na Jumatatu vifaranga wakatoka. Si wote. Trei za juu, zile zilizokuwa mbali na mlango feni ziliposimama, zilipoteza wengi, na Ercilia aliwaeleza wafugaji wenyewe bila kuficha. Walihesabu vifaranga wao, wakanung'unika, na mmoja baada ya mwingine akauliza alete lini mayai mengine.

Wiki hiyo Radhamés alikuja kumtafutia mnunuzi wa lile dude. Mwenye kinu cha mpunga alikuwa analihitaji, mtu mwenye mzigo wa kweli. Walikaa uani, kahawa katikati.

"Kwa nini hukunikatalia?" Ercilia aliuliza.

"Wewe ni komadre wangu."

"Basi kuanzia leo unikatalie." Akasogeza kikombe. "Sasa nataka dogo. La kumi na tano. Nimekoma na ukubwa, sitaki tena kulisha jitu."

Radhamés aliweka kikombe chake mezani. Shingo ikaanza kuwa nyekundu tena.

"Hapana," alisema.

"Nakuomba, kompadre. Nakuomba tena."

"Hapana. Mota zako zikiamka pamoja litaungua, kama lile la Persio. Dogo liliua mayai ya kwanza, kubwa likakaribia kuua haya. Sikuuzii dogo, sikuuzii kubwa. Nakuuzia litakalotoshea mzigo wako." Akatoa kipimo chake, akakiweka mezani kati yao. "Nitajie mzigo."

Ilikuwa mara ya tatu, na amekataa. Ercilia alishangaa jinsi alivyojisikia mwepesi, kama mtu aliyeshikwa mkono gizani. Alianza kutaja: mashine tatu za kutotolea, feni zake, pampu ya kisima, taa za ofisi, friji, feni ya Mireya. Radhamés alikuwa akijumlisha kwa midomo. Ercilia akainua macho. Juu ya uzio ule waya mnene ulikuwa bado unaning'inia, hakuna aliyekuja kuuondoa.

"Ndiyo yote?" kompadre aliuliza.

"Weka na draya za Yudelka."

"Nane?"

"Tisa," alisema Doña Ercilia, akiweka nywele zake nyuma ya sikio. "Ile ya mwisho ni yangu kila Jumamosi."